Hojaji Sitini Nilizomjazia Dada

"Binti, hizi data umezipika."

Daktari aliyasema hayo taratibu, kama mtu anayeuliza saa. Akalisogeza rundo la hojaji mpaka upande wa pili wa meza, mbele ya dada yangu.

Dada akalivuta karibu.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido, mlango uko wazi, mkoba wake mapajani. Ndugu wasomaji, naomba mnielewe vizuri. Data zilipikwa kweli. Mpishi ndiye huyu anayewaandikia...

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mama alifariki nikiwa kidato cha kwanza, bwenini. Baba alishaenda zake zamani, hatumsemi. Akabaki dada. Nami nikabaki shuleni, ambako kwa miaka mitatu nimejijengea heshima kubwa. Ni mimi niliyewafungia walimu kwa nje siku ya kikao. Ni mimi niliyeiga sauti ya mwalimu mkuu kwenye kipaza sauti nikatangaza gwaride la dharura, shule nzima ikapanga mistari kwenye jua, Jumapili mchana. Ukiniuliza habari, nitakuchekesha. Ndiyo kazi yangu.

Dada alikuwa anasomea saikolojia, shahada ya uzamili. Mwaka mzima wamefundishwa mbinu za utafiti: namna ya kumuuliza mtu swali bila kumwekea jibu mdomoni, namna ya kuchagua wa kuwauliza, namna ya kuyahesabu majibu yao. Likizo alikuwa ananihubiria sheria zake jikoni huku akikata vitunguu.

"Ya kwanza, dogo. Data hazitoki mkononi mwako."

"Hata ukienda chooni?"

"Hata ukienda chooni."

Utafiti wake ulihusu upweke wa wanafunzi wa bweni. Hojaji sitini, kila moja ina kauli thelathini, na kila kauli unaijibu kuanzia "kweli kabisa" mpaka "si kweli kabisa". Huandiki jina. Shule yetu ilisharuhusu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuja kuzisimamia.

Wiki hiyo akaanguka na homa. Tarehe ya kukusanya hojaji aliyopewa na Daktari, msimamizi wake, ilikuwa inakaribia. Nami nilikuwa narudi shuleni. Dada akaivunja sheria yake ya kwanza.

"Bahasha hii mpe mwalimu wa malezi, mkononi. Yeye ndiye atakayezigawa. Wewe usiifungue."

"Dada, mimi unaniona mtu wa kufungua bahasha za watu?"

"Ndiyo."

Akanipa hivyo hivyo.

Niliifungua kabla sijafika bwenini.

Jumamosi mbili na Jumapili mbili nilijifungia stoo ya vifaa vya michezo, nimekalia lundo la nyavu, kalamu saba mfukoni. Nikawaumba wanafunzi sitini. Kulikuwa na mlokole. Kulikuwa na mbabe. Kulikuwa na mtoto wa bosi anayelilia simu yake. Mmoja nilimjazia kwa mkono wa kushoto, maana niliamua amevunjika wa kulia. Bingwa wa kula nilimdondoshea mchuzi kwenye ukurasa wa pili.

Rafiki yangu, tunamwita Kifaru, alikuwa analinda mlango.

"Si uwape tu watu wajaze?"

"Watu wenyewe wanachosha. Wangu wana maisha."

Nilipanga kumwambia dada baadaye, tucheke mpaka tutokwe machozi. Lakini nilipomrudishia, akidhani zimetoka kwa mwalimu, alifurahi mno. Akashinda miezi miwili akiziingiza kwenye kompyuta, moja moja. Nikimpigia simu, kabla sijafungua mdomo anasema, "Dogo, shule yenu ina watoto wa ajabu. Kuna mmoja ameandika kwa mkono wa kushoto, kaka wa watu, nahisi ameumia."

Ungeanzia wapi hapo? Nikanyamaza.

Sasa turudi ofisini. Ilikuwa likizo, nilikuwa nimemsindikiza.

"Soma namba ishirini na tatu," Daktari akasema.

Dada akasoma. "'Nikiumia, nina mtu wa kumwambia.'"

"Watoto sitini. Kauli nyingine zote wanatofautiana, tena vizuri tu. Hapa wote wamejibu 'si kweli kabisa'. Binti, watu sitini hawakubaliani hata kama leo ni Jumanne."

Sikuwa najua. Nawaapia, nilibadilisha kalamu, nilibadilisha mkono, nilibadilisha hata tabia za watu. Hiyo moja sikuwahi kuiona.

Dada akafunua hojaji ya pili. Ya tatu. Ya kumi. Kidole chake kilikuwa kinatua palepale. Kisha akageuza shingo akanitazama, halafu akamgeukia Daktari.

"Nimezipika mimi, Daktari."

Nikasimama, mkoba ukaanguka.

"Daktari, dada anadanganya. Nilizijaza mimi. Zote. Kwenye stoo ya michezo."

Dada akatabasamu. "Ndiye yule mdogo wangu niliyekusimulia. Wa gwaride."

"Ahaa." Daktari akanitazama kwa huruma. "Kijana, ni vizuri kumpenda dada yako. Kaa nje."

Miaka mitatu nimedanganya watu wazima wakaamini. Siku niliyosema kweli nikaambiwa nikae nje.

Dada akasaini karatasi ya kukiri kosa aliyopewa. Tukashuka ngazi, yeye mbele.

"Kwa nini umefanya vile?"

"Shuleni una onyo la mwisho. Wakijua ni wewe, shule ndiyo imekwisha. Mimi shule nimeshasoma."

"Lakini dada—"

"Namba ishirini na tatu," akanikatiza. "Nani alikuwa anajibu?"

"Ilikuwa utani tu."

"Yule mlokole ana kwaya yake. Mbabe ana genge. Nawajua wote, nimekaa nao miezi miwili. Wote uliwapa kila kitu, mpaka mchuzi. Ila mtu wa kumwambia, hukumpa hata mmoja. Kwa nini?"

Nikatafuta kichekesho. Hakikuwepo.

Akaketi kwenye ngazi, wanafunzi wanatupita na vitabu vyao.

"Nimehangaika kutafuta watoto wapweke sitini," akasema. "Kumbe yuko mmoja, na kila akinipigia simu tunacheka tu."

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa mwalimu wa malezi.

"Mwalimu, bahasha ya dada yangu uliwahi kuipata?"

"Bahasha gani?"

Hilo jibu ndilo nililolihitaji. Nikamweleza yote, akamwandikia Daktari barua, Kifaru akashuhudia huku akilia kama mtoto. Safari hii Daktari aliamini.

Mimi nilifukuzwa. Dada aliondolewa kosa la kupika data. Lakini alikuwa ameziachia hojaji zitoke mkononi mwake, na alikuwa amesaini uongo, kwa hiyo masomoni hakurudishwa. Aombe upya baada ya miaka miwili, wakamwambia. Siku hizi anakaa mapokezi kwenye zahanati, anaandika majina ya wagonjwa. Mimi nasoma shule ya kutwa.

Nilidhani nikisema kweli nitamwokoa. Nilichelewa kwa miezi mitatu.

Wengi mtataka somo, basi lichukueni. Mtu akikuuliza unaendeleaje, hata kwa karatasi isiyo na jina, mjibu wewe mwenyewe. Ukimtuma mtu wa kubuni akujibie, huyo wa kubuni ndiye atakayehurumiwa. Wewe utabaki stoo na nyavu zako.

Juzi dada alirudi kutoka kazini, akanikuta jikoni, akawasha jiko.

"Umeshindaje?"

Nilikuwa na kichekesho kizuri tayari. Nikakiacha.

Nikamwambia habari ya siku mama alipofariki. Kwamba nilitolewa darasani nikaambiwa naitwa ofisini, nami nikadhani wamegundua nilivyoficha kengele. Kwamba nilitembea korido yote nikicheka. Kwamba niliingia ofisini nikicheka, na mwalimu mkuu akanyamaza akingoja nimalize.

Dada akazima jiko. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, mikono yake mitupu juu ya meza.

"Endelea," akasema.