Mbegu Nyeusi za Hanifa

Kila asubuhi Mwanapili huamka, husali, kisha huwasha moto. Chai ikiwa mekoni, huenda nyuma ya jiko kuchuma majani ya kunde. Amefanya hivyo tangu alipoolewa hapa Munje. Huchuma ncha za juu tu. Baada ya siku chache kunde huchipua tena, naye huchuma tena. Kunde zina subira.

Mwezi wa Januari binti yake Hanifa alikuja kutoka Diani. Hanifa alikuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli, akikata mboga. Alileta mkebe wenye mbegu. Baadhi zilikuwa nyeusi, baadhi nyeupe.

"Haya ni maharagwe, mama," alisema. "Maganda yake ni ya manjano. Huliwa mazima, ganda na vyote vilivyomo."

"Manjano kama bizari?"

"Kama bizari. Wageni wanayapenda sana. Na wewe nataka uyale, si kunde kila siku."

"Kunde ndizo zilizokukuza, wewe na mdomo wako huo."

Hanifa alicheka. Gari lilikuwa likimngoja barabarani. Alivaa viatu upesi upesi.

"Hizi si kunde, mama. Nikija Ijumaa nitakueleza."

Jumanne homa ilimshika. Ijumaa alirudi Munje, lakini amebebwa. Alizikwa baada ya swala ya alasiri.

Arobaini ilipokwisha, wageni walitawanyika. Nyumba ikawa kimya. Salimu, mume wa Mwanapili, alirudi kwenye kazi yake ya kuezeka makuti. Akirudi jioni, alikula matonge mawili, akasukuma sahani, akalala.

Siku moja Mwanapili alifungua mkebe. Aligawa mbegu mafungu mawili. Fungu moja alilirudisha, fungu moja akalipanda. Jua la kaskazi lilikuwa kali mno. Yeye alimwagilia maji asubuhi na jioni. Kila mche ulipochomoza, alihisi kama mtu amemwitikia.

Miche ilipopata majani mengi, alichuma ncha zake, kama anavyochuma kunde. Aliyapika majani yale kwa nazi. Wiki iliyofuata akachuma tena.

Miche haikuchipua upya. Mingine ilirefuka kama kamba, ikalala chini, ikaoza. Mingine ilitoa maua machache. Kila asubuhi Mwanapili aliyakuta maua yameanguka mchangani. Hakupata hata ganda moja.

Alikaa chini kati ya matuta, akalia.

"Acha hayo maharagwe," Salimu alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Tumeshazika mara moja. Usinizikishe tena."

Mwanzoni mwa Aprili, mwanamke mmoja alipiga hodi. Alikuwa Jumwa, jirani wa upande wa pili wa barabara. Jumwa alikuwa ametunza bustani ya mboga ya hoteli ile ile kwa miaka mingi.

"Shikamoo, mama..." Jumwa alianza, kisha akasita.

"Marahaba. Malizia. Mimi ni mama Hanifa mpaka niingie kaburini."

"Shikamoo, mama Hanifa."

Walikwenda nyuma ya jiko. Jumwa aliinama, akashika mche mmoja, akautazama.

"Nani aliyeinyoa hii?"

"Mimi. Nilichuma majani, tukala."

"Umeinyoa kama kichwa cha mtoto wa siku saba."

Mwanapili alitaka kucheka, lakini machozi yalitangulia. "Alisema atanieleza Ijumaa," alisema. "Nimeviua vitu vyake, Jumwa."

Jumwa alikaa chini mchangani, karibu naye.

"Nyumbani kuna mbegu zilizobaki?"

"Zipo. Naogopa hata kuzigusa."

"Basi bado hujaviua. Nisikilize. Kunde ni zetu, zimezoea jua na mikono yetu. Ukizichuma, huchipua. Haragwe hili likikatwa ncha, umekata na maua yake. Majani yake yaache. Hilo ni moja."

"Na maua yaliyoanguka?"

"Ni joto. Haragwe hili linapenda ubaridi. Likitoa maua wakati wa kaskazi, maua hupukutika. Ungemwagilia hata bahari nzima, yangeanguka tu. Ngoja mvua kubwa za masika zipungue, upande mwishoni mwa Mei. Maua yatatoka wakati wa kipupwe."

Mwanapili alileta mkebe. Jumwa alimwaga mbegu kwenye ungo, akazitenga. Nyeusi huku, nyeupe kule.

"Hizi ni aina mbili," alisema. "Nazijua, mimi ndiye niliyempa Hanifa. Nyeusi ni fupi. Husimama zenyewe, kimo cha goti. Baada ya miezi miwili hivi unachuma, na huzaa karibu kwa pamoja. Nyeupe hutambaa. Zinataka kusimamishiwa miti ya kukwea. Huchelewa kidogo, lakini huzaa kwa muda mrefu. Sasa tazama shamba lako, uchague."

Mwanapili alitazama. Kijishamba chake kilikuwa kidogo. Hakikuwa na uzio. Mbuzi wa jirani walipita wakitaka, na kila mti uliosimamishwa waliusugua mpaka ukaanguka.

"Hapa nyeupe haziwezi," alisema.

"Haziwezi."

"Lakini zote ni za Hanifa. Nitachaguaje?"

Jumwa alinyosha kidole ng'ambo ya barabara. "Kwangu kuna uzio wa miti," alisema. "Nipe nyeupe nikuwekee. Zikizaa nitakurudishia mbegu. Ukizipanda hapa zitaoza, nawe utalia tena."

Mwanapili alizishika mbegu nyeupe kiganjani kwa muda mrefu. Kisha alizifunga kwenye kipande cha kitambaa, akampa. Mkono wake ulichelewa kuachia.

Mwishoni mwa Mei, Jumwa alikuja tena. Waliinua tuta ili maji yasituame. Walichanganya udongo na samadi kuukuu ya mbuzi. Walifukia kila mbegu kina cha vidole viwili, shubiri moja kutoka kwa mwenziwe. Kisha walizungushia tuta matawi ya miiba.

"Maji mwagia chini kwenye shina, asubuhi," Jumwa alisema. "Majani yakilowa usiku kucha hupata madoa."

Miche ilitoka. Mara nyingi mkono wa Mwanapili ulitaka kuchuma. Aliufunga kwenye leso, akaenda kuchuma kunde.

Julai maua yalitoka, na yakakaa. Kisha maganda. Kwanza yalikuwa ya kijani hafifu, Mwanapili akaingiwa na wasiwasi. Baada ya siku chache yaligeuka manjano.

"Yachume sasa, yakiwa laini," Jumwa alimwambia. "Usingoje punje zivimbe kama kunde, ganda litakuwa gumu. Ila mashina yaliyo bora kabisa, yenye afya na maganda mengi, usiyaguse. Hayo ni ya mbegu. Yaache yakauke hapo hapo. Haragwe hili halichanganyiki ovyo na jingine. Ukipanda nyeusi, utapata nyeusi."

Mwanapili alichagua mashina manne. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa leso ya Hanifa. Alichana upindo wake vipande vinne, akafunga kila shina.

Jioni hiyo alipika maharagwe kwa tui zito na wali. Salimu alitazama sahani.

"Mazima?"

"Mazima. Ndivyo alivyosema."

Salimu alichukua ganda moja, akalitafuna polepole. Akachukua la pili. Alikula mpaka sahani ikaisha, machozi yakimtiririka ndevuni, wala hakuyafuta. Mwanapili alimwongezea wali.

Mpaka Septemba, maganda ya mashina manne yalikuwa yamekauka. Mwanapili alizianika mbegu kivulini, akazichanganya na jivu, akajaza mkebe. Jumwa alileta mbegu nyeupe, nyingi kuliko alizopewa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Caroline alipita barabarani. Alikuwa mke wa mwalimu, mgeni pale kijijini. Alikuwa amesikia habari za maharagwe ya manjano. Mwanapili alimhesabia mbegu nyeusi kumi.

"Asante sana, mama," Caroline alisema. Pikipiki ilikuwa ikimngoja. "Nina haraka. Nitapita Ijumaa unieleze namna ya kupanda."

Mwanapili alimshika mkono.

"La, mwanangu. Mwambie mwenye pikipiki angoje." Alimvutia kigoda. "Keti. Hizi si kunde. Nitakueleza sasa hivi."