Nani Alilifunga Gari la Hugues?

Kila Jumamosi asubuhi, huko Mangobo, Noël na mdogo wake Hugues waliosha gari. Lilikuwa jeupe, la Kijapani, la mbio, na usukani wake ulikuwa upande wa kulia. Lilikuwa limepitia Uganda na Bunia, likala matope njia nzima mpaka Kisangani. Sasa lilibeba maharusi. Noël alilipamba kwa riboni, Hugues aliliendesha, na bibi arusi akapelekwa kanisani polepole, huku pikipiki zote zikimpita.

Mwendo huo ulimuudhi sana Hugues. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mke mmoja aitwaye Déborah, na maneno mengi. Wenzake kwenye parking walimtania. Walisema gari lake ni la mbio kwa jina tu. Likifika kilomita mia na themanini kwa saa linakataa kuongeza, hata ukanyage mpaka chini.

"Yaya, gari hii balifunga," alimwambia kaka yake Noël siku moja wakati wa chakula. "Désiré, ule wa ordinateur, aliniambia. Iko na nguvu ya kufika mia mbili na zaidi. Lakini balifunga ndani, na électronique. Juu sisi tuko Bafrika! Banatutumia vitu, lakini banakata nusu."

Maneno hayo yalimwingia Noël. Shati lake lilikuwa limevaliwa na mtu mwingine kwanza. Simu yake pia. Kwa nini basi gari lije zima?

Tantine Colette alikuwa akiwapakulia pondu, majani ya muhogo. Ni shangazi yao, dada ya baba yao, na ndiye aliyewalea tangu mama yao alipofariki. Aliweka mwiko chini.

"Muache ifungwe," alisema. "Ifungwe vile vile! Mbio itawaua."

Majirani wawili waliokuwa wakipita na maji walisikia. Walicheka, wakaenda zao.

Hugues hakuacha kuomba. Jumatatu Noël alichoka kumsikiliza, akampigia simu Désiré yeye mwenyewe. Désiré alifika na kompyuta yake. Alichomeka waya chini ya usukani, akabonyeza vitu kwa nusu saa, kisha akacheka.

"C'est bon. Sasa iko libre, haina kufuli."

Saa sita mchana walikwenda kwenye barabara ya uwanja wa ndege, penye lami nzuri. Noël na Désiré walishuka wakasimama kando. Hugues aliondoka peke yake. Gari lilikuwa dogo, kisha dogo zaidi. Halafu mlio mmoja ulisikika, mzito, na vumbi likapanda juu ya miti.

Walipofika, Hugues alikuwa amekwisha kufa.

Désiré alifunga kompyuta yake haraka. "Yaya Noël, usiseme juu ya ordinateur. Batatuua sisi wote." Jioni hiyo alipanda pikipiki akaelekea Bengamisa. Hakuonekana tena.

Matanga yalianza. Viti vilipangwa, turubai likafungwa, wanawake wakalia. Kila aliyefika alimuuliza Noël, naye alijibu kila mtu neno lile lile: "Pneu ilipasuka. Yenyewe tu."

Hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Watu walikuwa wameiona ile pneu, tairi la gari. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na meno yake bado marefu. Pneu mpya ipasukeje mchana kweupe, kwenye lami kavu, bila msumari? Jirani mmoja alikumbuka.

"Tantine Colette alisema ifungwe. Mi nilisikia na masikio yangu."

Sasa, kwa mtu wa Mangobo, kufunga si kugeuza ufunguo tu. Mchawi naye hufunga. Hufunga tumbo la mwanamke, hufunga bahati ya kijana, hufunga safari ya mtu. Saa ile ile neno la Colette likabaki na maana moja tu. Watu wakaanza kunong'ona: mulozi.

Siku ya pili hakuna aliyekula chakula alichopika Colette. Sufuria ilikaa mpaka ikachacha. Siku ya tatu tonton Constant, mkubwa wa ukoo, aliwasili kutoka Yanonge. Aliwakusanya wanaume, akasema Colette aondoke kabla ya Jumapili. Vijana wa barabarani walikuwa na maneno mafupi zaidi. Walisema akilala pale Jumapili, watachoma nyumba naye akiwa ndani.

Colette alikaa nyuma ya nyumba, peke yake, juu ya mkeka. "Mi nilisema juu ya mbio," alirudia. "Juu ya mbio tu." Noël alipita karibu naye mara tatu, na mara zote tatu aliangalia viatu vyake mwenyewe.

Alitamani ardhi immeze. Akisema, watajua kuwa yeye ndiye aliyemleta muuaji wa mdogo wake. Akinyamaza, anampoteza mama pekee aliyebaki naye. Alilijua hilo vizuri, na bado alinyamaza siku nzima. Woga unatia aibu sana, jamani, lakini una nguvu.

Ijumaa papa Zacharie alimwita. Mzee huyu huziba pneu kwenye kona ya mtaa. Zamani alikuwa fundi wa magari Bunia kwa miaka mingi. Gari lililovunjika lilikuwa limevutwa hadi kwake.

"Kuja uone," alisema. Aliweka pneu iliyopasuka mbele ya Noël. "Unaona hizi namba ine? 2511. Ni tarehe ya kuzaliwa. Juma ya makumi mbili na tano, mwaka wa 2011."

"Lakini meno iko mazuri, papa."

"Meno iko mazuri juu ililala mu dépôt. Mpira unazeeka hata ukilala. Hapa kando, angalia, iko na mipasuko. Muuzaji alipakaa dawa nyeusi, mukaona mupya."

Noël alipitisha kidole. Mipasuko ilikuwa myembamba, mingi, kama kwenye kisigino kikavu.

"Na hii herufi S?" Zacharie aliendelea. "Inasema mwisho wa mwendo wa pneu. S ni mia na makumi munane. Na hiyo ni pneu ikiwa mupya, na hewa ya kutosha. Ukipita, inakunjika na kunyooka mbio sana. Inapata moto ndani. Moto inaachanisha mpira na waya za ndani yake. Halafu inapasuka."

Kisha akauliza polepole: "Gari hii haipite mia na makumi munane. Mi naijua. Lakini saa yake ya mwendo ilivunjika mushale ukiwa umepita hapo. Nani alifungua?"

Noël alitaka kusema "sijui." Midomo ilimkatalia. Aliketi chini kwenye mafuta machafu, akalia kwa sauti. Zacharie alimwacha alie.

"Mimi," alisema mwishowe. "Nilimwita Désiré. Tulisema banatufungia juu tuko Bafrika."

"Usukani ya gari hii iko wapi?"

"Kuume."

"Kwetu inakuwaga wapi?"

"Kushoto."

"Alors gari hii haikutengenezwa juu yako, mwanangu. Balitengeneza juu ya Mujapon, aendeshe kwabo, mu barabara ya kwabo. Ile kufuli balimfungia Mujapon mwenyewe. Bale ba viwanda balipatana zamani, gari zisipite mia na makumi munane. Ba-Allemand, bale ba Ujerumani, nao wengi balipatana mia mbili makumi tano juu ya gari zabo za nguvu."

"Juu ya nini basi banaweka moteur ya nguvu, halafu banafunga?"

"Nguvu ni ya kupanda mulima, ya kupita lori mbio, ya kuuza pia. Lakini moteur inaweza kukimbia kupita kile pneu inaweza kubeba. Kupita frein pia, ile breki. Mwendo ukiwa mara mbili, njia ya kusimama inakuwa mara ine. Njo maana fundi wa kiwanda anasema: hapa basi. Na ile kufuli haijue kama umeweka pneu ya kuzeeka. Ulipaswa kwenda chini yake sana. Ninyi mulienda juu."

Noël aliinuka. "Papa, utakuja na mi?"

Zacharie alibeba pneu begani.

Mbele ya matanga yote, Noël alisema. Hakujua kusema vizuri. Aliitaja kompyuta, akamtaja Désiré, akasema "ni mimi nilimupigia simu." Zacharie aliwaonyesha wanaume namba na mipasuko, mmoja mmoja, mpaka tonton Constant mwenyewe akainama na kugusa.

"Basi Colette alisema kweli," alisema Constant. "Alitukataza, na sisi tukamwita mulozi."

Vijana wa barabarani waliondoka zao. Hakuna aliyeomba msamaha siku ile. Watu huona aibu kwanza.

Déborah aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wajane. Alimwendea Noël mpaka pua kwa pua.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu Jumatatu."

"Na leo ni Ijumaa." Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akamshika tantine Colette mkono, akamleta mbele, akamketisha karibu naye.

Gari lilitengenezwa kwa miezi mingi. Fundi mwingine alirudisha kile ambacho Désiré alikiondoa. Zacharie alichagua pneu nne mwenyewe, akasoma tarehe na herufi ya kila moja kabla ya kuzifunga. Siku hizi madereva wa parking humletea pneu azisome kabla ya kununua. Wawili wamezirudisha kwa muuzaji. Noël huwaeleza wapya, na hawezi kumaliza bila sauti kukatika. Riboni hafungi tena. Watu hawataki arusi yao ibebwe na gari lile, nao hawana kosa.

Jumapili moja aliwapeleka tantine Colette na Déborah shambani, njia ya Bengamisa. Kwa muda mrefu Déborah alikuwa hajamsemesha. Aliketi nyuma, macho dirishani. Walipovuka mto, aliuliza:

"Mwendo iko ngapi?"

"Makumi sita."

"Punguza."

Noël alipunguza.

"Punguza tena."