Kisu Chenye Picha ya Tai

Hakuna muuzaji katika jiji zima la Dar es Salaam anayeweza kuniuzia kitu kibovu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema. Nilisema nyumbani kwetu Bunju, nilisema darasani, na Jumapili moja nilimwambia hata padri, ambaye hakuwa ameniuliza. Rafiki yangu Rosalia akitaka kununua ndala, ananiita kwanza nizikunjekunje. Nikitikisa kichwa, hanunui. Mimi Anjelina, Anje kwa wanaonipenda, mwanafunzi wa darasa la saba, nilijiona mkaguzi mkuu wa bidhaa za taifa.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilimtandikia babu mkeka barazani na kumsogezea vipande vyake vya mti. Babu Benedikto ni mchongaji. Alichonga mpingo pale Mwenge, kwenye soko la vinyago, tangu baba yangu hajazaliwa, mpaka kiharusi kilipomwangusha. Mguu ulirudi, mkono wa kushoto haukurudi. Tezo na patasi zake zikafungwa kwenye gunia. Sasa alichonga sanamu ndogo za kobe za mti laini kwa kisu cha kukunja, mti ameubana katikati ya nyayo zake, kama wazee wetu wa Kimakonde wanavyofanya. Rafiki yake, Babu Polikarpo, alivichukua na kuviuza Mwenge. Babu alikuwa akisema kwamba siku asipochonga, hajui aamke afanye nini.

Shida ilikuwa kukifungua kile kisu. Kwa mkono mmoja alishindwa, hivyo alikifungua kwa meno.

"Baba, utabaki kibogoyo!" Shangazi Jovina alilalamika. Shangazi ni binti yake, na ndiye anayetulea sote.

"Meno yenyewe yamebaki manne. Acha nayo yafanye kazi," babu akajibu.

Kisu kisichokunjwa kilipigwa marufuku nyumbani, kwa sababu shangazi ana mapacha wadogo ambao wameshaonja kila kitu, hata sabuni. Ndipo Babu Polikarpo akatuambia kuhusu visu vya kukunja vyenye springi. Unasukuma ubapa kidogo kwa kidole gumba, springi inamalizia yenyewe. Mkono mmoja unatosha.

Shangazi anashona nguo Mwenge. Jumamosi iliyofuata alikubali niende naye, akanipa shilingi elfu kumi na tano. "Hiyo ndiyo yote, Anje. Usije kuniambia habari za kuongeza."

Kabla hatujatoka, babu aliniita. "Mjukuu wangu, kisu usikitazame usoni. Kifungue, kisha ukigonge mgongo kwenye mti, kwa nguvu kabisa. Springi kazi yake ni kufungua tu. Kinachozuia kisijikunje ni loki. Kikijikunja, kiache, hata kama kimepakwa dhahabu."

"Babu, unamwambia Anje? Mie huyu?"

Babu akacheka. Kicheko kile nakikumbuka sana.

Meza ya Mama Tupokigwe ilikuwa mkabala na kibanda cha Babu Polikarpo. Anauza misumeno, msasa, tupa na visu. Shangazi aliniacha hapo, akaenda kufungua duka lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatafuta nini?"

Nilimweleza. Akanitolea visu viwili vya bei ileile. Kimoja kilikuwa cheusi, mpini wake wa mpira umejaa mikwaruzo ya makusudi ili mkono usiteleze. Kilikuwa kibaya cha sura, kibaya kabisa, kama kimenuna. Cha pili kilikuwa na mpini unaong'aa rangi ya bluu na zambarau, na kwenye ubapa kilichorwa tai amekunjua mbawa. Nilipokisukuma kwa kidole, kilifunguka kwa mlio: ka! Mwili wote ulinisisimka. Nikakifunga. Ka! Nikakifunga tena. Nilishamwona Rosalia amepanua mdomo.

"Mwanangu," Mama Tupokigwe akasema, "huyo babu yako anachonga, au anakwenda harusini? Chukua hiki cheusi. Hicho cha tai watu wananunua kwa kukatia matunda."

"Mama, hicho cheusi kitamtisha mzee wa watu!"

Babu Polikarpo alikuwa amekaa kibandani kwake, anapiga msasa sanamu. Akanyoosha mkono. "Anje, niletee hapa nikigonge kidogo."

"Aa, Babu Poli! Utamkwaruza tai wangu."

"Tai wako?"

"Wa babu."

Nililipa haraka, nikaondoka nikikifungua na kukifunga. Ka! Ka! Ka!

Nyumbani, babu alikigeuzageuza, akacheka kwa ajili ya yule tai. Kisha akaniuliza, "Mgongo uligonga?"

"Niligonga, babu."

Neno lilitoka kirahisi mno. Hata kukohoa kunahitaji nguvu zaidi.

Jumatatu niliporudi shule nilikuta mkeka una damu. Babu alikuwa amekandamiza ubapa ukanasa kwenye mti. Alipouvuta, loki ikaachia, kisu kikajikunja juu ya vidole vyake. Mkono wa kulia. Mkono wake mmoja uliobaki. Shangazi alikuwa amempeleka zahanati, akashonwa vidole viwili, na kiganja chote kikafungwa bandeji nene.

Kuanzia siku hiyo babu hakuwa na mkono. Nilimnywesha uji kwa kijiko, nikamfuta kidevu. Mtu aliyechonga watu kumi na wawili juu ya gogo moja, kila mmoja na uso wake, alifungua mdomo kama kinda akisubiri kijiko changu. Hakulalamika. Laiti angelalamika, ningepata nafuu.

Jioni tuliposali rozari, alijaribu kupiga ishara ya msalaba. Mkono uliofungwa ulifika kifuani ukaishia hapo. Akaniinamia, akanong'ona, "Nisaidie, mama." Babu huniita mama akiwa na huzuni. Basi nikamgusa kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Nilimgusa kwa mkono uleule uliokataa kugonga kisu.

Siku nzima yeye alitazama gunia la tezo. Nyimbo alizozoea kuimba akichonga sikuzisikia tena.

Shangazi aliniweka kikao jikoni. "Anje, uliambiwa ugonge. Uligonga?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Nilimtazama, nikauona uso wake umevimba kwa kulia, nikaogopa.

"Niligonga, shangazi. Yule mama ndiye aliyenilazimisha. Alisema hana kingine."

Shangazi hakungoja. Kesho yake alikwenda na kile kisu mezani kwa Mama Tupokigwe, akapaza sauti mpaka wachongaji wakaacha kazi. Mwenyewe alitusimulia jioni. "Nikamwambia, unamuuziaje mtoto kitu cha kumkata mzee mgonjwa? Eti ananijibu, muulize mtoto wako vizuri. Nikamwambia, sisi mtoto wetu hasemi uongo!"

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliinama zaidi.

Mama Tupokigwe hakubishana. Alikichukua kisu cha tai, akatoa kile cheusi bila kudai hata shilingi. Lakini maneno ya shangazi yalikuwa yamesikika. Wachongaji wakaanza kwenda kununua tupa na msasa kwingine. Baada ya wiki mbili, shangazi akaleta habari kwamba yule mama amehamisha meza yake, yuko nyuma kabisa, karibu na vyoo.

"Safi," akasema shangazi. "Akome."

Chakula kilinishinda usiku huo. Nikasingizia tumbo.

Vidole vya babu vilipona polepole. Nyuzi zilitolewa, akaanza kukunja ngumi, na siku moja akaniambia nitandike mkeka. Kile kisu cheusi alikigonga mgongo mara nyingi kwenye nguzo ya baraza. Hakikutikisika. Alianza kuchonga taratibu, na kabla ya chakula cha mchana kichwa cha kobe kilikuwa kimeanza kuchungulia. Nilijisemea, yamekwisha. Babu ana kisu, ana mkono, hakuna aliyejua. Nilikuwa hata nimeanza kutania tena.

Jumapili jioni Babu Polikarpo alikuja. Alikuwa Newala kwenye msiba wa kaka yake tangu wiki ile niliyonunua kisu, na ndiyo kwanza amerudi. Nilimwamkia, nikamletea kigoda na chai. Shangazi alikuwa anaanua nguo.

"Pole, ndugu yangu," akamwambia babu, aliyekuwa akichonga. "Nimesikia njiani. Na mkono huu mmoja tu!"

"Ni yule mwanamke wa Mwenge," shangazi akasema kutoka kwenye kamba. "Alimlazimisha Anje."

Babu Polikarpo akashusha kikombe. Hakuwa na nia ya kunichongea, alikuwa anashangaa tu. "Mwanamke gani? Mama Tupokigwe? Mbona mie nilikuwepo! Yule mama alimsihi Anje achukue hiki hapa, hiki cheusi. Na mie nikamwambia niletee nikigonge, akasema nitamkwaruza tai wake. Anje, si ulisema hivyo?"

Shangazi alisimama na shati la mtoto mkononi. Kisu cha babu kiliacha kukwangua mti. Nilitafuta utani wowote kichwani, hata mmoja.

"Anje," babu akaita kwa sauti ya chini. "Poli anasema kweli?"

"Ndiyo, babu."

Machozi yalinitoka. Nilidhani atanifukuza barazani. Aliuweka mti chini, akavitazama vidole vyake vyenye makovu.

"Kuchagua vibaya si dhambi, mjukuu wangu," akasema. "Hata mimi nilishawahi kununua tezo kwa sababu ya mpini wake. Ungeniambia hukugonga, tungegonga pamoja, na damu isingemwagika. Ukanificha. Hata hilo nimeshakusamehe, vidole vimepona. Lakini jina la yule mama halijapona. Ulilikata wewe, ukakaa kimya huku ukiona linatoka damu. Ukweli ukiuchelewesha, anayeumia si wewe peke yako."

Shangazi aliketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa lile shati. "Na mie nilimpigia kelele mbele za watu," akasema. "Mungu wangu."

"Kesho tutakwenda Mwenge sote," babu akasema. "Jovina alipaza sauti. Na wewe, Anje, utapaza vivyo hivyo, palepale meza yake ilipokuwa, ili waliosikia yale ya kwanza wasikie na haya."

"Babu, watu watakuwa wengi," nikasema kwa kwikwi.

"Ndiyo. Wawe wengi."

Babu Polikarpo alikohoa kidogo, akaokota kikombe chake. "Mie nitakuwa nimekaa palepale nilipokuwa siku ile," akaniambia. "Nitasikiliza neno kwa neno."