Mwizi Aliyeacha Dhahabu

Leso ilifunguliwa saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, sebuleni kwa mukhtari Hayel, mbele ya wanaume kumi na mmoja na birika la kahawa. Ndani yake mlikuwa na sarafu moja ya dhahabu. Bwana Yazan wa Idara ya Mambo ya Kale aliichukua, akaigeuza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii siyo," akasema.

"Siyo nini?"

"Siyo niliyoitiwa. Hii ni lira ya Kituruki. Bibi yangu alikuwa nazo tano."

Mukhtari Hayel alikuwa mzee wa kijiji cha Kufr Dalia kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona amekosa la kusema. Siku hiyo walimwona. Ile lira ikazunguka mkono kwa mkono, kila mtu akaiangalia, akaikuna, mmoja hata akaiuma. Kwa hiyo Inspekta Khitam alipofika kutoka Irbid adhuhuri, sarafu ilikuwa na alama za vidole za kijiji kizima na za meno juu yake.

"Hongereni," Khitam aliwaambia. "Mmenirahisishia kazi kweli kweli."

Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka arobaini na kidogo, koti lake la polisi limemzidi mabegani. Aliwatoa nje wote, akabaki na mukhtari.

"Sarafu ya kwanza ilipatikana wapi?"

"Makaburini. Mufleh alikuwa anachimba kaburi la shemeji yangu, marehemu Sayel, Mungu amrehemu. Miezi miwili sasa. Koleo likaitoa pamoja na udongo."

"Akaileta kwako?"

"Wapi! Akaitia mfukoni. Amekuja kuileta Jumapili hii, dhamiri imemtafuna."

"Uliiona kwa macho yako?"

"Kwa haya haya. Ndogo, nyembamba. Maandishi matupu pande zote mbili, hakuna nembo wala taji. Nikaifunga kwenye leso, leso kwenye kabati la chuma, ufunguo shingoni."

"Ufunguo ulitoka shingoni?"

"Labda shingo itoke kwanza."

"Na leso? Ilitoka kabatini?"

Mukhtari akainua kikombe chake, akanywa. "Haikutoka."

Khitam aliandika jibu hilo. Pembeni yake akaandika kwamba kikombe kilikuwa kitupu.

Mufleh alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima, mikono mikubwa imening'inia kati ya magoti. Alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Inspekta, mimi huchimba makaburi bure, kwa thawabu. Nimezika nusu ya kijiji hiki."

"Na miezi miwili ukalala na dhahabu ya kaburini."

"Sikulala! Muulize mke wangu. Kila nikifumba macho namwona Sayel ananiambia, Mufleh, umenipa shimo, umechukua bei."

"Ulimwonyesha nani?"

"Sonara mmoja tu, Hagop, kule Irbid. Akaipima. Akasema kwa uzito wake ni dinari arobaini, lakini kwa maandishi yake hawezi kusema, niwapelekee wasomi. Nikaogopa. Nikampa mukhtari."

"Na kwa nini usingeichukua tena? Ukaweka lira mahali pake?"

Mufleh akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Lira? Mimi? Inspekta, ningekuwa na lira ningekuwa nimeezeka jikoni."

Hapo ndipo Khitam alipokwama. Koplo Awad, aliyekuwa akiendesha gari kurudi mjini, alisema kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikiwaza tangu adhuhuri. "Afande, mwizi gani huiba dhahabu akaacha dhahabu?"

"Endesha gari, Awad. Ukikijua hicho, cheo changu chukua wewe."

Hagop alikuwa mzee mwenye kidole gumba cheusi kwa tindikali. Aliisugua lira kwenye jiwe lake, akadondoshea tone, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akaiweka mizanini.

"Gramu saba na kidogo. Ile ya mchimba kaburi ilikuwa nne na robo. Mwizi wako, binti yangu, amepata hasara."

"Hasara gani?"

"Kwa wanaonunua dhahabu kwa uzito, yaani kwa kila mwanamke wa mkoa huu, ametoa nyingi akachukua kidogo. Karibu mara mbili!" Akaisogeza sarafu chini ya kioo cha kukuzia. "Halafu tazama hapa ukingoni. Unaona hiki kidonda?"

Khitam aliinama. Ukingoni, juu ya nembo ya Sultani, palikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa.

"Hiyo ni lehemu. Hapa palikuwa na kijipete cha kupitishia uzi. Kimeng'olewa kwa koleo la kung'olea misumari, tena siku hizi hizi, maana pangekuwa pa zamani pangefifia. Hii lira ilikuwa shingoni mwa mwanamke, inspekta. Ni ya mkufu wa mahari."

Basi aliyefanya hivi ni mwanamke wa Kufr Dalia, na mahali fulani pana mkufu wenye pengo.

Kuingia nyumba kwa nyumba na kuwaambia wanawake watoe mahari yao wakaguliwe, hilo Khitam hakulifikiria hata kidogo. Angetoka kijijini humo na mawe mgongoni. Lakini Alhamisi mchana palikuwa na hina ya bibi harusi. Na kwenye hina, Kufr Dalia, mwanamke hachagui nini cha kuvaa. Anavaa vyote. Akija na shingo pungufu, watamsema mpaka mwakani: mumewe kauza, mumewe kafilisika, mumewe ana mke mwingine.

Khitam aliazima gauni la tarizi, akakaa kwenye godoro kati ya wanawake sitini, akapiga makofi na kuhesabu. Lira sita, zote zipo. Lira kumi, zote zipo. Bibi mmoja alikuwa na kumi na mbili, alipocheza zililia kama kengele za mbuzi. Hapakuwa na pengo hata moja.

Pembeni yake alikaa mke wa mukhtari, Mama Fawzi, mdomo umejaa lozi.

"Inspekta, shingo tupu hivyo kama kuku wa kuchemsha! Hukuolewa?"

"Nimeolewa, mama. Mume wangu ni mwalimu."

"Aa. Pole, mwanangu."

Wanawake wakacheka, Khitam akacheka nao. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na wote wamekuja leo?"

"Wote. Nani akose hina?"

"Hakuna aliyebaki nyumbani?"

"Labda Wadha, Mama Nimri, maskini. Huyo yuko eda, mume wake Sayel ndiyo kwanza ana miezi miwili kaburini. Mwenye eda atavaa dhahabu vipi?"

Makofi yakaendelea, ya Khitam yakasimama.

"Alikuwa nayo dhahabu?"

"Lira nane! Dada yake mukhtari huyo, unadhani aliolewa kwa dagaa? Mume wangu anampenda mno. Kila siku yuko kwake. Hata ile sarafu alikwenda kumwonyesha, Jumatatu, kumchangamsha kidogo."

Khitam alimkuta mukhtari nje, chini ya turubai la wanaume. Akamvuta kando.

"Leso ilitoka kabatini."

Mukhtari akatazama viatu vyake.

"Mbona ulinificha?"

"Dada yangu ana msiba, inspekta. Nyumba ya eda si nyumba ya kuingiza polisi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilimwachia leso dakika tano, nikaenda kunawa nile. Aliporudisha imefungwa, sikuifungua. Ni dada yangu. Nifungue kutafuta nini?"

Nyumba ya Mama Nimri ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba ya mizeituni. Koplo Awad alibaki uani, maana mwanamume asiye maharimu haingii kwa mwenye eda. Khitam alivua viatu mlangoni. Pale pale akaona jozi nyingine, ya kike, nyeusi, imeganda udongo mwekundu mpaka kwenye kisigino. Mvua ilikuwa imenyesha Jumatatu jioni. Udongo mwekundu, kijiji kile, uko makaburini tu.

Mjane alikaa juu ya godoro, amevaa nyeusi tupu tangu utosini, macho hayana wanja. Alimkaribisha, akammiminia chai. Khitam alikunywa nusu glasi kwanza, maana kuna haraka na kuna ufedhuli.

"Mama, viatu vile mlangoni ni vya nani?"

"Vyangu."

"Hujatoka ndani miezi miwili."

Mama Nimri akaijaza glasi tena.

"Naomba nione mkufu wako, mama."

Mama Nimri aliweka birika chini. Kisha akainua pembe ya godoro, akatoa kifurushi cha kitambaa, akakifungua mwenyewe. Lira saba. Katikati, mahali pa ile kubwa, uzi ulikuwa umefungwa fundo.

"Nimechukua mimi," akasema. "Kaka yangu hajui kitu. Muache."

"Kwa nini?"

"Alikuja Jumatatu na furaha zake. Wadha, wanakuja wa Mambo ya Kale! Watafukua makaburi yote, mstari kwa mstari, watalii watakuja kwa mabasi! Nikamwuliza, na Sayel? Akasema, Sayel watamhamishia pengine, watampa mahali pazuri." Akaukunja mkufu kiganjani. "Inspekta, una mume?"

"Ninaye."

"Wangu alivunja mawe miaka thelathini. Mgongo ulimwisha. Miaka kumi ya mwisho nilimgeuza kitandani kila usiku, huku analia, huku ananiomba radhi kwa kunisumbua. Hakuna usiku aliolala mpaka asubuhi. Sasa amelala. Mimi ndiye ninayejua amelala. Waje wamwamshe kwa sababu ya sarafu?"

Khitam alilifunga daftari lake. Akangoja.

"Nikasema, ikipotea sarafu, hawatakuwa na la kujia. Lakini sitaki haramu. Sikumwibia mtu, nilimlipa. Nilizipima kiganjani, yangu ilikuwa nzito kuliko ile. Dhahabu kwa dhahabu, na ziada."

"Mama, ile uliyochukua ni ya zamani mno. Bwana Yazan anasema, kwa maelezo ya kaka yako, ingeweza kununua nyumba hii na ya kaka yako."

Mjane alimtazama kama anayedhihakiwa. "Kipande chembamba vile? Thamani ya dhahabu si uzito?"

"Si kwa ile."

"Mimi ninayoijua ni hii." Akashika lile fundo katikati ya uzi. "Baba yake Sayel aliuza fahali na shamba. Alilipa lira nane ili mwanawe anichukue. Nami nikatoa moja wasimchukue yeye."

Khitam akaweka glasi chini. Miaka kumi na minane ya kazi, na macho yakamwasha, na hakuona haya.

"Iko wapi, mama?"

"Nimeirudisha. Jumanne, baada ya sala ya alfajiri. Nimevunja eda yangu, Mungu anisamehe. Nimeifukia kichwani pake, kina cha mkono, mahali ilipotoka."

Bwana Yazan aliitwa. Alisimama uani, nyuma ya dirisha, na Khitam akamweleza. Yule bwana akashika kichwa.

"Mama!" akaita kwa nje. "Nani kakwambia tunafukua makaburi? Sheria haituruhusu, na hata ingeruhusu, mimi nina wazazi! Nilitaka kuandika mahali ilipopatikana. Nipime hatua kutoka barabarani, nichore karatasi moja, niende zangu. Basi!"

Mukhtari alikuwa amesimama nyuma yake. Mdomo huponza kichwa, wamesema wa zamani, lakini huu ulikuwa umeponza kichwa cha dada yake. Alifunika uso kwa kilemba akalia mbele ya koplo, mbele ya kila mtu.

Ndani, Mama Nimri alikuwa ameelewa. Alikuwa na hofu ya watu wengine kuchimba, na sasa pana kitu pale cha kuchimbuliwa, na aliyekiweka ni yeye.

"Wasiguse kwa koleo," alisema. "Nakuomba. Wasiguse."

"Hawatagusa." Khitam akasimama. "Sikiliza, mama. Nitaandika kwenye jalada kila kitu ulichochukua. Nitaandika pia ulichoacha, na uzito wake. Hakimu atasoma vyote viwili. Sasa vaa viatu, nimekukamata."

"Nina eda."

"Ndiyo maana nimekukamata. Mtu akikuuliza kwa nini umetoka, mwambie ni polisi waliokutoa."

Walikwenda kwa gari la polisi, hatua mia tatu tu. Wanaume walibaki kwenye ukuta wa makaburi, wamegeuza nyuso. Khitam alimshika mkono mpaka kwenye kaburi, kisha akamwachia.

Mama Nimri alipiga magoti kichwani pa kaburi. Alichimba kwa vidole, polepole, akiuweka udongo kando kidogo kidogo, jinsi mtu anavyomfunua mgonjwa blanketi bila kumwamsha. Mkono ulizama mpaka kwenye kiwiko. Ukatoka na ile sarafu. Hakuitazama. Alimpa Khitam kwa nyuma, bila kugeuka.

Kisha akaurudisha udongo wote, akausawazisha kwa viganja vyote viwili, akaukandika, akauondolea kijiwe kimoja.

"Lala, Baba Nimri," akamwambia. "Hawakuja kwa ajili yako."