Posa kwa Chupa ya Valbreze

"Umeacha ndama, Elinami?"

"Nisikilize kwanza, Penina."

"Ndama jike wa kizungu, ambaye mama yake anajaza ndoo mbili. Umemwacha?"

"Nimechagua chupa."

"Chupa ya nini? Ya mafuta ya taa?"

Tulikuwa katikati ya shamba la kahawa la baba, mimi na kikapu cha kuchumia kiunoni, yeye na kitu kilichofungwa blanketi, amekilaza mikononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Wanawake wawili waliompita njiani walikuwa wamekwisha kumpongeza na kumuuliza mama wa mtoto anaendeleaje.

Elinami alikuwa mtumishi wa mezani kwa Madamu Klotilda, mama wa Kifaransa mwenye shamba kubwa karibu na soko la Tengeru. Alimtumikia miaka saba bila kuvunja hata sahani. Madamu aliposikia anataka kuoa, akamwambia achague zawadi moja: ndama kutoka zizini, au kitu chochote kilichomo ndani ya nyumba. Mtu mwenye akili timamu angekimbilia zizini na kamba mkononi. Mchumba wangu aliingia stoo.

"Wewe hujui mvinyo huu," aliniambia, akifunua blanketi kidogo. "Unaitwa Shato Valbreze. Wazungu wenyewe wakiuona wanashusha sauti."

"Na baba yangu atashusha nini?"

"Sikiliza. Mwaka jana Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuja kwa Madamu amefura, mambo ya mpaka wa shamba. Hata kofia hakuvua. Madamu akaniambia fungua Valbreze. Glasi ya kwanza, kofia ikavuliwa. Ya pili, akasifu maua. Ya tatu, akakunja karatasi zake akazitia mfukoni. Sasa kama imemlainisha Mwingereza, itashindwa na Mzee Sadoki?"

"Mwingereza hana ugomvi wa maji na baba yako mkubwa."

Hapo alilifunika tena blanketi, maana nilikuwa nimegusa kidonda chenyewe.

Baba yangu, Mzee Sadoki, na Mzee Kisioki, baba mkubwa aliyemlea Elinami, walikuwa mwaka wa tatu hawasalimiani. Mashamba yao yanakunywa mfereji mmoja unaoshuka kutoka mlimani. Zamu ya baba ilikuwa Jumatatu na Alhamisi, ya Kisioki Jumanne na Ijumaa, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake anafungulia maji siku isiyo yake. Msemaji wa posa yangu alikuwa nani? Kisioki huyo huyo.

Kwetu posa huanza kwa pombe ya ndizi na ulezi. Baba wa binti asipoinywa, habari za ng'ombe hazifunguliwi kamwe. Pombe ya kwanza ya kina Elinami baba aliionja akasema ulezi haukutosha. Walipoleta ya pili akasema ulezi umezidi. Ikikataliwa mara ya tatu mlango umefungwa, kijana aende akatafute kwingine. Sasa hiyo ya tatu ndiyo mchumba wangu alitaka kuijaribu kwa chupa moja isiyojaza hata kibuyu cha mtoto.

"Rudisha," nilimwambia. "Rudisha uchukue ndama, halafu tupike pombe ya watu."

"Siwezi. Nimetaka baba yako anywe kitu bora kuliko vyote walivyo navyo wakubwa. Kwa ajili yako, Penina."

Nilimpenda hapo mpaka nikaona aibu, lakini hasira zilitangulia. Nilimwacha amesimama na blanketi lake.

Siku ya nne shangazi Nashilu, dada yake baba, aliniletea karatasi iliyokunjwa. Shangazi alijifunza kusoma kwenye darasa la ubatizo, na tangu hapo hakuna barua iliyopita mikononi mwake ikiwa bado siri.

"Anasema hali chakula," aliniambia kabla sijaifungua.

Kweli iliandikwa: *Penina wangu, tangu Jumanne sili vizuri. Madamu anasema supu nimeitia chumvi mara mbili. Chupa imelala chini ya kitanda changu, kila asubuhi naichungulia. Usinikasirikie sana. Ni mimi, E.*

Nilijibu palepale: *Elinami, rudisha chupa. Ukishindwa nitakwenda mwenyewe. Nakupenda lakini sitaki kusema nawe.*

Shangazi alinyoosha mkono. "Hebu nione. Hapa kwenye 'nakupenda' ongeza wino, hapasomeki."

Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Madamu Klotilda alikuwa kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, amevaa viatu vya kiume, anageuza punje kwa reki kama kibarua. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu moja kwa moja. Nataka ndama. Chupa irudi.

Aliacha reki. "Wewe ndiye binti?"

"Ni mimi, Madamu."

"Unajua Valbreze ni nini?"

"Ni pombe, Madamu."

Alicheka, akaniketisha kwenye gunia. "Valbreze ni kwetu. Ni shamba la baba yangu, na la babu yangu. Udongo wake mbaya, changarawe tupu, hata mahindi hayaoti. Lakini mzabibu ukiteseka pale, unatoa mvinyo ambao wafalme waliagiza. Tunauweka chini ya nyumba, gizani, unalala. Hiyo ya Elinami ililala mwaka elfu moja mia tisa na sita."

Nilihesabu kwa vidole. "Miaka thelathini na moja?"

"Ndiyo."

"Na haijaharibika?"

"Ndiyo kwanza imekua. Nyinyi mnapanda kahawa mnangoja miaka mitatu, minne, sivyo? Kwetu anayepanda anaweza asionje kilicho kizuri. Anaonja mwanawe." Akatazama mlima kidogo. "Mimi baba hakunipa nafasi hiyo. Alitaka niolewe na mwenye shamba la jirani ili mizabibu iungane. Nikaja huku na mtu wa kahawa. Baba hakujibu barua yangu hata moja mpaka alipokufa. Ndugu yangu ndiye aliyeniletea kasha la chupa kumi na mbili. Imebaki hiyo yenu na nyingine moja."

Nilimwonea huruma, lakini ndama ni ndama. "Pole sana, Madamu. Basi nikirudisha, mtanipa?"

"Nitakupa," alisema haraka. "Leo hii."

"Ahsante."

"Nitakupa ndama wawili."

Nikanyanyua macho. Baba alinifundisha mambo machache, na moja ni hili: mnunuzi wa kahawa akiongeza bei kabla hujafungua gunia, lifunge vizuri urudi nalo nyumbani.

"Basi, Madamu," nilisema, "chupa acha ikae."

Alinitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kona ya aproni. "Mwambie Elinami asiitikise hata kidogo. Na mwambie amepata mke mkali."

Siku ya posa Elinami aliibeba chupa kutoka Tengeru mpaka kwetu akitembea kama mwenye mwiba mguuni, na Mzee Kisioki nyuma yake akimkemea kila walipopanda jabali. Wazee wanane walikuwa wameketi uani, kila mmoja na kibuyu chake, wakitazama njiani kama kuna mitungi inakuja. Hapakuja mtungi.

"Pombe iko wapi?" baba aliuliza. Hakumuuliza Kisioki. Alimuuliza mzee Thomasi, jirani yetu, aliyekaa katikati yao kwa kazi hiyo.

"Mwambie ndiyo hii," Kisioki alimjibu Thomasi, akionyesha chupa.

"Muulize, ni ya lini?"

Elinami akaingilia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Ni ya mwaka wa sita, mzee. Ina miaka thelathini na moja."

Wazee wakatazamana. Pombe yetu hudumu siku tatu. Siku ya nne wanapewa watu wasiopendwa. Nilisikia shangazi Nashilu akisema mlangoni, "Jamani, huyu mtoto amejichimbia kaburi."

"Thomasi," baba alisema polepole, "mwambie mwenzako hata nguruwe hanyweshwi pombe ya miaka thelathini. Mara ya kwanza walinipunjia, mara ya pili walinizidishia, leo wamenitukana."

"Mzee, naomba niifungue tu," Elinami alisema. Alitoa kizibuo mfukoni, akazungusha, akavuta, kisha akakinusa kizibo kama walivyomfundisha kwa Madamu.

"Hata yeye mwenyewe haiamini," mzee mmoja alinong'ona.

Elinami akamimina kwenye kikombe cha bati cha nyumbani. Haikutoa povu, na baba alikwisha fungua mdomo kusema pombe isiyo na povu imekufa. Lakini harufu ilimfikia kwanza. Ikawafikia na wenzake. Wakachungulia kikombe, ndani mna wekundu ule mzito.

Mzee Thomasi alivua kofia.

Wa pembeni yake akavua yake. Mmoja mmoja, wazee wanane walisimama, vichwa wazi, na yule aliyekuwa anatafuna ugoro akautema pembeni kwa siri. Pale kwetu hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna ile isipokuwa mahali pamoja, mara nne kwa mwaka, mbele ya madhabahu.

"Hii ni divai ya Meza ya Bwana," Thomasi alisema kwa sauti ya kanisani.

"Siyo, mzee, ni mvinyo wa mezani kwa Madamu," Elinami alijitetea.

"Meza ni meza," alijibiwa.

"Haijaombewa," Kisioki alisema, lakini naye kofia ilikuwa mkononi.

"Mchungaji naye huipokea haijaombewa," Thomasi alimwambia. "Wewe ungeimwaga?"

Hakuna aliyekuwa tayari kuimwaga, wala aliyekuwa tayari kuinywa. Wote wakamgeukia baba, maana baba ndiye mzee wa kanisa. Nikamwona anababaika, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Akakimbilia desturi, kama mtu anayeshika nguzo.

"Mwiteni binti," alisema. "Penina. Huyu kijana unamjua?"

"Namjua, baba."

"Hii aliyoleta, tuinywe?"

Binti hujibu kwa neno moja, ndiyo au hapana, kisha humpa baba yake kikombe. Nilikichukua kikombe kwa mikono miwili. Niliogopa nitamwaga ile miaka thelathini na moja yote chini.

"Tuinywe, baba. Lakini kila Jumamosi ya maungamo nakusikia ukiwaambia watu, mwenye kinyongo na ndugu yake asisogee Mezani. Apatane kwanza. Sasa nikikupa kikombe hiki, unakipokeaje?"

Shangazi alijishika mdomo. Baba alinitazama kwa macho ambayo siku nyingine yangenikimbiza mpaka mtoni.

"Binti, unajua unasema na nani?"

"Nasema na baba yangu. Miaka mitatu humsalimu Mzee Kisioki, na mara nne kila mwaka unakwenda mezani. Mimi sikuhukumu. Nauliza tu nikupe au nisikupe."

Wazee walitazama chini wote pamoja. Kama baba angekataa, angekuwa amekiri mbele ya washarika wenzake kwamba alikula Meza ya Bwana na kinyongo mara kumi na mbili. Kama angekubali, ilibidi aseme na Kisioki. Elinami alikuwa amefumba macho. Nilijua nimeweka ndoa yangu nzima ndani ya kikombe cha bati.

Baba alikaa. Akasimama tena. Mwishowe akageuka, si kwa Thomasi, kwa Kisioki mwenyewe.

"Kisioki."

"Naam."

"Jumanne za kiangazi. Nilikuwa nafungulia maji alfajiri, kabla hujaamka."

"Nilijua."

"Nisamehe."

Kisioki alizungusha kofia mikononi. "Na mimi Alhamisi nilikuwa naziba kule juu kwa magogo ya migomba, maji yaje kwangu. Nikasingizia ngedere."

"Ngedere niliwawekea mtego mwaka mzima," baba alisema.

"Niliuona. Nisamehe na wewe."

Walishikana mikono. Haikuwa kwa uchangamfu, lakini walishikana. Nikampa baba kikombe. Akanywa kidogo, akampa Kisioki, naye akampa aliyefuata, mpaka kikawazunguka wazee wote. Uso wa baba ulikunjamana wote.

"Chungu," alisema.

"Chungu kweli," Kisioki alisema.

"Miaka thelathini na moja."

"Na bado ni chungu."

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kwa miaka mitatu, na likawafanya wacheke, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo. Thomasi alijaza tena kikombe bila kuombwa. Mara ya pili baba alikishika zaidi mdomoni kabla ya kumeza, akatikisa kichwa polepole, akasema hebu isogezwe tena ahakikishe.

"Pombe ya harusi iwe yetu ya ndizi," alitangaza. "Kisioki, ndizi zako zimedumaa. Chukua zamu yangu ya Alhamisi mpaka tukate mikungu."

Mimi nililia. Sikujificha. Elinami alifumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji, na baba akamwita karibu.

"Kijana, ng'ombe tutazungumza na baba yako mkubwa. Huyu mchukue. Lakini akikushinda kwa maneno, usije kwangu kushtaki. Mimi mwenyewe leo amenishinda, tena mbele ya watu."