Taa ya Kijani ya Fermín

Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Doña Chayo alifungua mlango wa mwanawe mtaani Narvarte akiwa na tamali, andazi la mahindi la mvuke, mkononi. Fermín alikuwa sakafuni kando ya meza ya kazi, mwili umeshaharibika.

"Moyo, tangu Ijumaa," daktari alimwambia mpelelezi Eulalia Zepeda. "Alianguka asubuhi, akakata roho jioni. Angepata msaada angepona."

"Alikufa peke yake, binti yangu?" mama aliuliza. Swali hilo likamkaa Eulalia rohoni.

Maana kwenye kompyuta za ofisini, kando ya jina la Fermín, taa ya kijani ilikuwa bado inawaka: yupo kazini. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, marehemu alijibu kila ujumbe.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Fermín alifanyia kazi nyumbani, Nereida ofisini, na kiongozi wao Ulises alifanyia kazi mji wa Mérida, mbali kabisa. Mkurugenzi alihesabu taa, basi wakapeana maneno ya siri ya kompyuta zao: mmoja akitoka kununua totila, chapati za mahindi, mwenzake anamwashia taa.

Eulalia alianza na Nereida, aliyegombana na Fermín wiki iliyopita.

"Ndiyo, niligombana naye! Nilimwambia, rudi ofisini, kaka, utaozea humo ndani." Akaziba mdomo, machozi yakamtoka.

"Jumanne saa sita mchana ulikuwa wapi?"

"Barabarani, kama mji mzima! Si zoezi la tetemeko la ardhi? Tulikuwa arobaini, majina yameandikwa."

Eulalia akausoma tena ujumbe wa Fermín wa Jumanne, saa sita na dakika moja: *Niko mezani nyumbani. Kimya kizuri, namalizia ripoti.* Saa hiyo ving'ora vilikuwa vinalia kwenye kila nguzo ya jiji. Mkazi wa mji huu hata akidanganya hawezi kuandika kimya.

Kesho yake, Ijumaa, Ulises aliitwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alikalia kiti cha ofisi.

"Jumanne saa sita ulisikia nini, bwana Ulises?"

"Sikusikia kitu. Kwani kulikuwa na nini?"

Nereida akamgeukia. "Zoezi, Ulises. Umesahau hata zoezi?"

"Wewe ndiye uliyeandika kwa jina la Fermín," Eulalia alisema. "Ulijuaje hatajibu mwenyewe? Ijumaa iliyopita, saa mbili na dakika tano asubuhi, mliongea kwa video dakika nne. Wewe ndiye uliyekata simu."

Ulises akaangalia mikono yake.

"Alishika kifua, akaanguka. Mkurugenzi alishaapa: mtu mmoja tu aanguke nyumbani, wote mnarudi ofisini. Alhamisi hii ndiyo angeamua kama tuendelee kufanyia kazi nyumbani. Binti yangu ana pumu, afisa. Moshi wa mji huu nusura umuue. Nilidhani Fermín amekufa palepale."

"Alikuwa hai mpaka jioni."

"Usiniambie hivyo."

"Simu moja tu, mwenzangu," Nereida alisema. "Mimi niko mtaa wa pili. Ningefika kwa miguu."

Ulises alilia. Eulalia hakumwonea huruma, akamfunga pingu.

Saa kumi alasiri alikwenda kwa Doña Chayo. Njiani alikuwa ametunga uongo mtamu, lakini mama alimshika mkono, akauliza vilevile:

"Alikufa peke yake?"

"Hapana, mama," Eulalia alisema. "Alipoanguka, kulikuwa na mtu anamtazama."