Tangi Lililozibwa Pua

Kila Jumanne asubuhi, mshona viatu alimpeleka mama mkwe wake zahanati kusafishwa kidonda cha mguu. Mama mkwe hakuweza kutembea hatua kumi bila kushikwa. Kwa hiyo walitumia gari. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, kubwa kwa umri kuliko ndoa ya mwenye gari. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya. Lakini lilikwenda.

Tatizo lilikuwa harufu.

"Leo tena mnanipandisha kwenye pipa la petroli?" mama mkwe aliuliza.

"Vumilia, mama. Fungua dirisha."

"Dirisha gani? Hili ulilolipiga misumari?"

Mke wa mshona viatu hakucheka. Kichwa kilimuuma kila safari. "Gari hili litatuunguza siku moja," alisema. "Mimi nalipanda roho mkononi. Mpelekee Mama Spana alitazame."

Mama Spana alikuwa jirani yao, fundi wa magari. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwao.

"Kwani mimi sina mikono?" mshona viatu alijibu.

Jumamosi alifungua buti la gari. Ndani kulikuwa na giza. Akaingiza kichwa, akamulika. Aliona mpira mwembamba unaotoka kwenye tangi la petroli. Ulikuwa na ufa, na harufu ilitoka hapo. Basi akafanya kazi anayoijua. Akaukunja mpira ule, akaupaka gundi ya viatu, akaufunga kwa ukanda wa tairi. Kisha akatazama mfuniko wa tangi. Ulikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano. Nacho akakiziba kwa gundi.

Harufu ikapungua. Mshona viatu akatembea kifua mbele siku nzima.

Jumanne, walipokuwa njiani, gari lilikohoa. Likapoteza nguvu, likazimika. Walikaa muda mrefu, akawasha tena, likawaka.

"Petroli chafu," mshona viatu alisema.



Jumanne ya pili walifika kwenye kivuko cha reli, penye njia mbili za treni. Hakukuwa na kizuizi wala mlinzi. Mshona viatu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia. Gari likakohoa. Likazimika juu ya reli.

Akazungusha ufunguo. Gari likalia bila kuwaka. Akazungusha tena.

Ndipo waliposikia honi ya treni.

"Tokeni!" mke wake alipiga kelele. "Liache hilo gari lako, mtoe mama!"

Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, upande wa mlango uliofungwa kwa waya. Mshona viatu alivuta waya. Haukukatika. Honi ikalia tena, karibu zaidi. Reli zilianza kutetemeka chini ya miguu yake. Akazunguka upande wa pili, akamshika mama mkwe chini ya makwapa, akamburuta juu ya kiti.

"Mguu wangu!" mama mkwe alilia. "Niacheni, nendeni nyinyi!"

Hawakumwacha. Walimbeba wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakakimbia hadi mbali. Kiatu kimoja cha mama mkwe kilibaki kwenye kokoto. Wakaanguka wote chini. Mke akafumba macho.

Treni ilipita reli ya pili. Upepo wake ulilitikisa gari, lakini treni yenyewe haikuligusa. Ingeweza kupita kwenye reli ile ile waliyozimikia. Ilikuwa bahati, wala si akili ya mtu yeyote.

Wapita njia walitazama pande zote, wakalisukuma gari nje ya reli. Mama mkwe alikalishwa kivulini. Kidonda kilikuwa kimefunguka.

Mama Spana alipigiwa simu, akaja mbio. Mtu mmoja alisimama karibu akivuta sigara.

"Wewe! Peleka moto wako kule!" Mama Spana alifoka. Kisha akauzungusha mfuniko wa tangi polepole.

*Fyuuuuu.* Hewa ilivutwa ndani kwa nguvu. Wote wakarudi nyuma.

"Umesikia hiyo?" Mama Spana aliuliza. "Gari lako lilikuwa linakabwa koo."

Akachukua chupa ya plastiki ya maji, akaiweka mdomoni, akanyonya. Chupa ikabonyea.

"Injini inanyonya petroli. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Hewa isipoingia, tangi linakuwa kama chupa hii. Petroli inagoma kutoka. Tangi lako lilikuwa na pua mbili, mpira na kitundu cha mfuniko. Nani kaziziba?"

Mshona viatu alitazama chini. "Mimi, jirani. Nilizuia harufu."

"Harufu ilikuwa inakuambia mpira umepasuka. Mpira unabadilishwa, haufungwi. Na gari likikaa juani, mvuke wa petroli unajaa ndani ukitafuta pa kutokea. Ule ufa uliuonaje kwenye giza la buti?"

"Niliwasha kiberiti."

Mama Spana alikaa chini barabarani. Mke wa mshona viatu alijishika kichwa.

"Jirani," Mama Spana alisema taratibu, "Jumamosi ile ulikuwa tayari umekufa. Hujui tu kilichokuokoa. Mvuke wa petroli hauonekani, na cheche moja inatosha. Usitumie kiberiti, mshumaa wala sigara. Tumia tochi, na injini iwe imezimwa. Tena fungua milango kwanza. Ukisikia harufu, usiliendeshe gari. Ita fundi."

Siku hiyo alilivuta gari hadi karakana. Aliweka mpira mpya unaostahimili petroli, akautoa nje chini ya gari, si ndani ya buti. Akaweka mfuniko mwingine wenye kitundu safi. Akalijaribu kwa safari ndefu. Alipofungua mfuniko, hakukuwa na fyuu. Mshona viatu mwenyewe aling'oa misumari ya dirisha na waya wa mlango.

Jumanne iliyofuata walikaribia reli. Mshona viatu alisimamisha gari, akasikiliza, akatazama mara mbili. Akavuka. Gari halikukohoa. Ndani hakukuwa na harufu wala maumivu ya kichwa.

Mama mkwe alishusha pumzi. Alivaa viatu vipya, alivyoshonewa na mkwe wake usiku na mchana kwa aibu yake.

"Gundi yako ni nzuri, mwanangu," alisema, akitazama miguu yake. "Ibaki hapa chini. Tangi liache lipumue."